Siku Tuliyozima Mtandao wa Bima

Mwalimu wa chekechea alipewa pole kabla hajamwambia mtu yeyote kwamba anaumwa. Mkuu wa shule alimsimamisha mlangoni, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia ajipe moyo, ugonjwa ule siku hizi unatibika. Mumewe alikuwa hajui. Mama yake mzazi alikuwa hajui. Daktari alikuwa amemwambia juzi tu, katika chumba kilichofungwa mlango, na yeye mwenyewe bado alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Sikuja kuomba fidia, dada," mwalimu aliniambia ofisini kwetu, kitambaa kimelowa mkononi. "Nataka tu kujua imetokea wapi."

Nilikuwa mkaguzi katika mamlaka ya serikali inayosimamia mitandao ya madai ya bima ya afya. Ukiitaja kazi hiyo kwenye sherehe, jirani yako wa mezani anakumbuka ghafla kwamba kuna mtu hajamsalimia kule upande wa pili. Kwa ufupi, mgonjwa anatibiwa, hospitali inaidai kampuni ya bima, na katikati kuna mtandao unaobeba dai hilo, likiwa na jina la mtu na ugonjwa wake. Sisi ndio tuliowapa wenye mitandao leseni, na sisi ndio tulioweza kuzisimamisha. Wakati ule tulikuwa hatujawahi kumsimamisha yeyote. Watu wa makampuni walituita mamlaka ya kugonga mihuri, walitutania hivyo mbele ya macho yetu, nasi tukacheka nao.

Kujua imetokea wapi hakukunisumbua, maana hakuna aliyekuwa anaficha. Makarani wa madai wa hospitali zote walikuwa na kundi lao la simu. Dai likigoma, karani anapiga picha ya kompyuta na kuitupa kundini: jamani, hapa nimekosea wapi? Wenzake, watu wema kabisa, wanamjibu papo hapo, futa namba ile ya ugonjwa, weka hii. Mafundi wa mtandao ndio waliolianzisha kundi, na hakuna aliyeficha jina la mgonjwa, kwa sababu bila jina fundi asingeliona dai. Karani akiacha kazi hospitalini, hakuna aliyekumbuka kumtoa. Mmoja wao alikuwa ameajiriwa kuwa mhasibu wa shule ile ile ya mwalimu, na picha zikaendelea kumfuata huko huko.

Karani mmoja alinikabidhi simu yake kwa furaha, nijionee wanavyosaidiana. Nikapanda juu, picha baada ya picha, mpaka nikaliona jina la baba yangu. Niliizima ile simu upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu ndani.

Baba alikuwa fundi bomba mstaafu, na figo zake zilikuwa zimechoka. "Fundi mzima nimeishia kuzibuliwa mimi," aliwachekesha wauguzi kila walipomfunga kwenye mashine ya kusafisha damu. Kabla ya kufungwa aliweka kidole kwenye kimashine kidogo, mtandao ule ule ukaiuliza bima, jibu likaja, akaingia ndani. Mtandao ukizimwa, karani angepaswa kuomba kila kibali kwa simu na makaratasi. Na baba akichelewa kusafishwa, miguu ilivimba na kifua kikambana.

Mkuu wangu wa idara, mama mkavu asiyependa maneno mengi, nilimweleza yote.

"Faili hili naweza kumpa mwingine," alisema. "Hakuna atakayekulaumu."

"Mwingine atawapa onyo."

Alitazama dirishani. "Atawapa onyo," alikubali. Lilikuwepo tayari onyo moja, la zamani, na kampuni yenye mtandao haikuwahi hata kulijibu.

Mkurugenzi wa kampuni alinipigia kabla sijarudi mezani kwangu. Sauti yake ilikuwa laini. "Dada yangu, sheria iko upande wako, sibishi. Ila wagonjwa watakaokwama milangoni watakulilia wewe, si mimi." Alikuwa anasema kweli.

Nikaenda kwa baba. Nilimkuta sebuleni ameinua miguu juu ya kigoda, anabishana na redio. Nilimweleza kila kitu, hata yale ambayo binti hapendi kumwambia babake mgonjwa: kwamba anaweza kuumia, na mkono utakaokuwa umefanya hivyo ni wangu.

"Na mimi nimo humo?" aliuliza.

"Umo, baba."

"Ulisoma?"

"Niliona jina, nikafunga."

Alishusha pumzi, na mabega yake yakashuka pamoja nayo. Kulikuwa na jambo lake humo. Mpaka leo silijui, wala sijawahi kulitafuta.

"Zima, mama," alisema, akaipunguza redio sauti. "Mimi nitasubiri kama watu wengine."

Tukazima. Tuliandika kwamba leseni imesimamishwa mpaka kundi lifutwe pamoja na picha zake zote, majina yafichwe hata kwa mafundi, na kila mgonjwa ambaye dai lake lilipigwa picha aambiwe. Mkuu wangu alisaini kwanza, akanisogezea kalamu. Siku hizi mitandao yote inafuata masharti yale, na vijana ninaowafundisha ukaguzi wanadhani yamekuwepo tangu dunia iumbwe. Sijisumbui kuwasahihisha, ila moyoni najivuna, tena sana.

Lakini asubuhi iliyofuata sikuwa na cha kujivunia. Nilimsindikiza baba hospitalini, tukakuta ukumbi umefurika. Karani alikuwa amebana simu kwa bega, anasoma jina la mgonjwa herufi kwa herufi. Tuliketi, tukangoja, tukaendelea kungoja. Miguu ya baba ilianza kujaa ndani ya viatu, nikainama nikamlegezea kamba.

"Ni mtu mmoja tu huko serikalini," alisema mwanamume aliyekuwa amemleta mkewe. "Tena mwanamke. Kakaa zake kwenye kiyoyozi, kaamua."

"Huyo hana mgonjwa nyumbani," akaitikia mama mmoja karibu yetu. "Angekuwa naye asingethubutu."

Watu wakaguna kukubali. Mimi niliendelea kuhangaika na kamba za viatu, uso chini, masikio yakiwaka moto. Ndipo nikahisi mkono wa baba begani kwangu. Alikuwa ananitumia kuinukia.

"Baba, kaa," nilinong'ona.

"Mgonjwa anaye," alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele kutoka chini ya sinki. "Ndiye mimi. Na huyo mnayemsema ni huyu hapa, binti yangu. Amezima huku akijua nitakaa hapa hapa na nyinyi. Majina yetu na maradhi yetu yalikuwa yanatembea kwenye simu za watu, mlijua? La kwangu alilikuta. Hakulisoma." Akatua kidogo kutafuta pumzi. "Mtoto wangu huyu. Mwenye neno aniambie mimi."

Karani aliitoa simu sikioni.

Yule mama aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha mbele, kilichokuwa karibu na mlango wa chumba cha mashine, akakipangusa kwa kiganja. "Mzee, kaa hapa," alimwambia taratibu.

Baba alimshukuru, lakini hakukaa. Alibaki amesimama pale, na miguu yake ile, mkono begani kwangu, mpaka walipoliita jina lake.