Serikali ya Mazimwi ya Menengai

Hadithi hazisimuliwi mchana. Wariara alifundishwa hivyo na mama yake, na mama yake alifundishwa na wake: anayesimulia jua likiwa juu hupotelewa na kitu chake cha thamani. Sawa, lakini hao akina mama hawakuwahi kuishi chini ya amri ya kutotoka nje. Mwaka ule wa hamsini na nne, wazungu wakiwasaka wapiganaji wa msituni, katika shamba la mzungu waliyemwita Kibiriti, juu ya Molo kuelekea Kuresoi, jua likigusa tu miti kila moto kambini ulizimwa na kila mlango ukafungwa. Sasa mtu asimulie saa ngapi? Akiwa usingizini? Ndipo Wariara akazihamishia hadithi zake kwenye nyumba ya kukaushia pareto, mchana kweupe, wanawake wakichambua maua kwenye trei za waya na vumbi likiwawasha pua.

Hadithi zake zilikuwa za mazimwi. Zimwi, kila aliyelelewa na bibi wa Kikuyu analijua: lina mdomo mmoja mbele kama wako, na mdomo wa pili kisogoni, umefunikwa na nywele. Ule wa mbele huongea, ule wa nyuma hula. Watoto huambiwa hivyo tu na wakatetemeka. Lakini wachambuzi wa pareto hawakuwa watoto.

"Ngoja kwanza, Mama Ngigi," alisema Wachuka, mwanamke mwembamba ambaye ulimi wake haukuwa na likizo. "Hayo mazimwi yako yako mangapi?"

"Si mengi. Yanakaa shimoni Menengai tu, kule juu ya Nakuru."

"Na watu?"

"Watu ni wengi kama haya maua."

"Basi mbona hawayapigi? Mimi ningeyapiga na mwiko."

Wakacheka. Chepkurui, mke wa mkamuaji ng'ombe, Mkipsigis aliyekuja shambani na mumewe, naye akatia lake. "Na nani anayalimia? Zimwi haishiki jembe. Nani anakamulia yeye maziwa?"

Wariara alirudi nyumbani amechukia. Alichukia kwa sababu maswali yalikuwa ya haki. Zimwi la bibi yake lilikula mtu likaenda zake, lakini zimwi linalotawala nchi ni jambo jingine. Kesho yake alichuma pareto akiwaza, na kesho kutwa pia, hadi akaona kitu ambacho bibi yake hakuhitaji kukiona. Uchawi peke yake hautawali mtu. Uchawi humtisha mtu leo, kesho ameuzoea. Zimwi likitaka kutawala lazima liajiri karani.

Basi akaliundia serikali. Kila mtu mzima aliyezaliwa karibu na Menengai, alisimulia, huitwa langoni, kivuli chake kikakunjwa kama shuka, kikatiwa koponi, na kopo akavishwa shingoni. Bila kopo huna kivuli. Bila kivuli jua halikutambui. Na asiyetambuliwa na jua huliwa bila kesi. Tena watu wenyewe hupanga foleni kutafuta kopo, wanasukumana, wanagombana nani alifika kwanza, na zimwi limekaa kivulini linachokonoa meno.

Safari hii hakuna aliyecheka. Hapakuwa na mwanamke mle ndani ambaye mumewe au baba yake hakuwahi kuvaa kipande, kile kitambulisho cha serikali, shingoni kwenye kopo la bati kama kengele ya mbuzi.

"Hiyo sasa naamini," alisema Wachuka polepole. "Lakini moja bado. Mazimwi hayakai kambini na sisi. Yanajuaje nani ameficha chakula, nani ananoa kisu?"

Wariara alitikisa trei yake. Alisema jibu ataleta.

Jibu aliletewa Jumanne na serikali ya kweli. Lori la askari liliingia uwanjani asubuhi, watu wote wakachuchumazwa kwa mistari, mikono kichwani, wanaume huku na wanawake kule. Kutoka kwenye lori akashushwa mtu aliyefunikwa gunia kuanzia utosini hadi magotini, tundu mbili zimekatwa mahali pa macho. Bwana Shauri, afisa kijana mwenye shingo nyekundu, alikuwa akimsukuma mgongoni, mtu kwa mtu. Mwenye gunia hakusema neno. Akifika kwa mtu ama alipita, ama aliitikia kwa kichwa. Alipofika kwa Ngigi aliitikia kwa kichwa.

Ngigi alikuwa mwana pekee wa Wariara. Kazi yake ilikuwa kutunza farasi wa Kibiriti, na kosa lake kubwa duniani lilikuwa kuimba vibaya kanisani. Wakamtupa loriani, lori likashika njia ya Nakuru. Wariara alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na askari mmoja akamwambia anyamaze, kama anavyoambiwa mbwa.

Jioni ile ile, kisimani, alisikia wanawake wakinong'ona: si aliambiwa hadithi hazisimuliwi mchana? Amesimulia, na mwana amepotea.

Akatua mtungi. "Semeni kwa sauti!" akafoka. "Hadithi yangu ndiyo ilileta lori? Hadithi ina magurudumu? Lori lililetwa na dereva, na mwanangu alionyeshwa na mtu. Mtu! Msinitafutie laana mimi wakati mwenye laana amevaa gunia!"

Na hasira ile, badala ya kumlaza chini, ilimwamsha. Kesho yake alisimama katikati ya trei akalipa deni la swali la Wachuka.

"Mliniuliza mazimwi yanajuaje ya kambini. Yana mtu wao, yanamvisha gunia. Huyo si zimwi, msidanganyike. Hana mdomo kisogoni. Ana kopo shingoni kama sisi, anakula githeri kama sisi, Jumapili anaketi nasi. Akivaa gunia macho yake huona kila uso. Bila yeye mazimwi ni wanyama tu wenye njaa. Yeye ndiye serikali."

Chepkurui aliacha kuchambua. Wachuka aliangalia mlangoni. Siku ile walimaliza kazi bila wimbo, na kila mmoja alienda nyumbani akimpima jirani yake kwa jicho la pembeni.

Jumamosi akaja Hiram.

Hiram alikuwa nyapara wa shamba, mwenye filimbi, mzee wa kanisa, na mume wa mdogo wake Wariara, ambaye alikuwa amefariki. Ngigi alimwita baba mdogo. Alipokanyagwa na farasi utotoni, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikapondeka na kupona kimepinda kama ndoano, ni Hiram aliyemfunga kitambaa akambeba mgongoni. Sasa aliingia jikoni na viatu vipya vyeusi, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Shemeji, hadithi yako imefika mbali," alisema. "Bwana Shauri ameisikia."

"Imfikie. Si yeye mwenyewe yumo?"

"Hebu sikiza, usiwake. Kesho kuna baraza. Anataka uisimulie mbele ya watu wote. Lakini utengeneze hiyo serikali. Mfalme wa mazimwi awe wa haki. Awe na korti, awe na daktari, watu wake washibe. Ukifanya hivyo, Ngigi anarudi. Amesema kwa kinywa chake."

"Zimwi la haki," alisema Wariara. "Na linakula nini? Sukuma wiki?"

"Shemeji, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawa tumewazoea. Watatuuma kidogo, lakini watatuacha na mifupa. Unataka mwana ama unataka hadithi?"

Wariara alimwangalia. Alitaka mwana.

"Nitatengeneza," alisema.

Hiram akashusha pumzi. Kwa vile alikuwa ameshinda, angeweza kwenda zake, na mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa na kijidonda rohoni, na mtu mwenye kijidonda hawezi kuacha kukigusa.

"Na hilo gunia ulitoe kabisa," alisema. "Mengine acha, hata kopo acha. Gunia toa. Kwanza ulikosea. Umefanya watu wamchukie huyo mtu bure. Unasema anaona kila uso. Uongo! Zile tundu zinateremka mpaka hapa." Akagusa mdomo wake. "Hakuna uso anaona. Anaona miguu tu. Anasukumwa mgongo, sema, sema, na yeye anaona miguu tu. Afanye nini? Anaitikia kwa ule anaoujua."

Akavaa kofia yake, akatoka haraka, na viatu vipya vikalia kwenye kokoto.

Wariara alibaki ameshika mwiko. Sufuria ilianza kuungua na hakuitoa motoni. Mguu wa kushoto, kidole kilichopinda kama ndoano. Katika uwanja mzima hapakuwa na mguu rahisi kuujua kama ule, kwa mtu aliyewahi kuufunga kitambaa. Lakini hakumfuata. Mwanawe alikuwa mikononi mwao, na kesho ilikuwa baraza.

Jumapili watu waliketi uwanjani, pale pale walipochuchumazwa. Bwana Shauri alikaa kwenye kiti kando ya Kibiriti. Hiram alisimama nyuma yao na filimbi yake. Wariara alisimama mbele ya watu akasimulia serikali nzuri. Mfalme wa mazimwi akawa wa haki. Akawa na korti isiyopokea mbuzi wa mtu. Akawa na daktari, tena anayecheka na watoto. Kila neno lilimtoka kwa shida, maana fundi anajua anapojenga ukuta wa kuanguka. Kila alipotua, wasikilizaji walipaswa kuitikia, ndiyo desturi, bila kuitikiwa hadithi haisogei. Hawakuitikia. Aliyeitikia alikuwa Hiram peke yake. "Ehe," alisema kila mara, "ehe," hadi sauti yake ikawa inaaibisha.

Wachuka alimtazama Wariara kwa macho ya dharau. Wariara aliyaona, akayameza, akaendelea hadi mwisho.

"Mzuri sana," alisema Bwana Shauri, akapiga makofi. "Hii hadithi mzuri. Nyinyi watu sikia hii mama."

"Asante, bwana," alisema Wariara. "Sasa naomba mwanangu Ngigi, kama ulivyosema."

Afisa akaukunja uso kama mtu anayetafuta jina. Akaongea na Kibiriti kwa Kiingereza. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kama anayetaja hali ya hewa, "Ngigi? Huyo hapana iko Nakuru. Alikwenda na treni Alhamisi, kambi ya mbali. Hiyo shauri imekwisha."

Alhamisi. Hiram alikuja Jumamosi. Wakati anaketi kwenye kile kigoda, wakati anaapa kwa kinywa cha bwana, Ngigi tayari alikuwa ameshapelekwa.

Wariara hakulia. Aligeuka akamtafuta Hiram kwa macho, na Hiram akawa anaangalia chini, anaangalia miguu ya watu waliokaa mstari wa mbele. Ndipo akajua la kufanya.

"Bwana," alisema, "samahani. Kuna kipande cha serikali nimesahau. Naomba nimalizie."

Afisa akatazama saa yake, akatabasamu. "Haya, maliza."

"Mfalme yule wa haki," alisema Wariara, na sauti yake sasa ilifika hadi kwenye zizi, "alikuwa na mtumishi mmoja. Si mwenye gunia, hapana. Gunia nimeambiwa nilitoe, nimelitoa. Mtumishi huyu uso wake uko wazi, mchana kweupe. Ni mtu wa Mungu. Asubuhi ndiye anayewaamsha wenzake."

"Ehe," aliitikia mtu. Ilikuwa sauti ya Chepkurui.

"Na ni mnyenyekevu! Hamtazami mtu usoni hata siku moja. Yeye huona miguu tu. Mguu wa kila mtu anaujua. Mwingine aliufunga kitambaa kwa mikono yake, ulipopondwa na farasi. Na ule aliouuguza mwenyewe, ule wenye kidole kilichopinda kama ndoano, ndio alioutambua kwanza."

"Ehe!" Sasa lilikuwa baraza zima, wanaume kwa wanawake, sauti iliyowafanya ng'ombe wainue vichwa. Wachuka alikuwa amesimama. Bwana Shauri aliona jinsi watu walivyochangamka akafurahi, akaitikia kwa kichwa.

Hiram hakuitikia.

"Hadithi yangu imeishia hapo," alisema Wariara. "Anayeitaka aende nayo nyumbani."

Jumatatu, ukungu ukiwa bado umelalia pareto, Hiram alipuliza filimbi. Watu walitoka kambini kimya, wakapanga mstari kwa kazi. Hiram akaanza kupita akihesabu, macho chini kama kawaida yake, akasimama. Kila mguu ulikuwa umefungwa gunia. Vipande vya magunia vilivyokazwa kwa kamba ya katani, kuanzia vidoleni hadi kwenye kifundo. Wachuka, Chepkurui na mumewe mkamuaji, vijana wa farasi, wazee wa kanisa waliokaa naye benchi moja. Mstari mzima, na hapakuwa na mguu hata mmoja wa kuutambua.

Wariara alitoka wa mwisho. Miguu yake ilikuwa mitupu, ina tope na imepasuka visigino. Akaja hadi mbele ya Hiram akauweka wa kushoto karibu na ncha ya kiatu chake.

"Mguu wa mama yake ni huu," alisema. "Utazame vizuri, shemeji, usije ukausahau watakapokuvisha tena gunia."

Hiram alinyanyua uso kutafuta mtu wa kumsaidia. Hakupata jicho hata moja. Mstari mzima ulikuwa umeinamisha vichwa, unatazama viatu vyake.