Fundi na Viazi vya Chekechea

Kama kuna mtu aliyezaliwa na mkono usiojua kutulia, basi ni huyu fundi wa mabango. Akiona mstari umepinda, usingizi haumjii. Akialikwa harusini, atanyoosha kitambaa cha meza ya watu asiowajua. Mkewe alishamwambia, "Wewe hata peponi utaomba brashi." Naye hucheka, maana ni kweli. Afanyeje?

Ila tabia hiyo ilimponza kwa binti yake wa miaka mitano. Siku moja mtoto alimletea mchoro wa nyumba, naye, badala ya kusifu, akachukua penseli akanyoosha paa. Tangu hapo hakuonyeshwa tena. Mama alionyeshwa. Bibi alionyeshwa. Hata muuza maziwa alionyeshwa! Baba mwenye fani yake, hola. Ilimuuma, asikwambie mtu.

Kwa hiyo mwalimu wa chekechea alipomwomba alete rangi awasaidie watoto kuchapa picha, alikubali kabla mama wa watu hajamaliza kusema. Asubuhi ile binti akamnong'oneza, "Baba, leo nitakuonyesha yangu. Lakini usichungulie mpaka nikuite." Fundi akaapa.

Kazi ilikuwa tamu. Viazi vilikatwa katikati, bamia zikakatwa vipande, rangi zikamiminwa kwenye visahani. Watoto wakachovya, wakagandamiza, wakainua: hee, bamia imekuwa ua! Mmoja alichapa karatasi, meza na shavu la jirani yake. Fundi kila akikaribia meza ya binti yake aligeuza shingo upande, mpaka mwalimu akamuuliza kama alilala vibaya.

Picha zikaanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, bila majina, maana kila mtoto alisema yake anaijua. Kisha mwalimu akawapeleka watoto kunawa na kunywa uji. Fundi akabaki darasani peke yake. Fisi kaachiwa bucha.

Alianza na ua moja tu, wallahi. Lilikosa shina, akatoa brashi akalichorea. Pembeni palikuwa na jua lililobonyea, akaliviringisha. Halafu akakuta doa kubwa la kiazi, madogo mawili chini yake na jingine juu. Akainamisha kichwa, akaona kuku dhahiri. Akampa mdomo, kishungi na mkia. Alipofika mwisho wa kamba alirudi nyuma akajipongeza, eti amewasaidia.

Watoto wakarudi. Wakapita chini ya kamba wakitafuta picha zao.

"Yangu iko wapi?" mmoja akauliza.

"Hii si yangu!"

Kilio kikapokezana darasa zima, na wazazi ndio kwanza wanaingia kuwachukua. Mwalimu akaitazama brashi mkononi mwa fundi, akashika kiuno. "Fundi! Jamani!"

Binti yake hakulia. Alipita kamba yote, akarudi akapita tena, kisha akamvuta baba suruali. "Baba, yangu haipo."

"Ulichora nini, mama?"

"Wewe. Tumbo nilichapa kwa kiazi kikubwa. Na miguu, na kichwa."

Akatafuta uongo wa kumwokoa, ukakosekana. Akamwonyesha kuku. "Ni hii, mwanangu. Baba kaiharibu. Nisamehe."

Mtoto akamtazama kuku, akamtazama baba. "Kaa hapo," akasema.

Akakaa kwenye kiti cha chekechea, magoti kidevuni, wazazi wakimcheka waziwazi, na alistahili. Mikono akaikalia, maana haikuwa ya kuaminiwa. Binti akachovya kiazi, akagandamiza tumbo, likaenda upande. Fundi akang'ata ulimi. Mguu mmoja ukazidi mwenzake, kichwa kikatua mbali na tumbo, na kidole chenye rangi kikakichorea mdomo mpana. Akang'ata tena. Mwishowe mtoto akainua karatasi, rangi ikimchuruzika mpaka kiwikoni, akaisogeza puani pa baba yake.

"Nzuri, mama. Nzuri sana," alisema, tena kwa dhati, kwa sababu mtu yule wa viazi alikuwa anacheka, na fundi hakukumbuka lini aliwahi kuchora mtu anayecheka hivyo. Angenyamaza hapo angekuwa mtu wa maana. Lakini fundi ni fundi, likamtoka: "Mbona sina mikono?"

"Sijakuwekea," binti akasema, akiendelea kupuliza rangi ikauke. "Usije ukaharibu picha tena."