Kofia ya Koti la Aalasi

Kijijini kwetu kila mwanamke anashona, ila kofia za makoti yangu watu huzitambua kutoka ng'ambo ya ghuba, kabla hawajaona uso wa aliyevaa. Manyoya ya mbwa mwitu huzunguka uso bila kuuziba, na nyuma kofia haiinuki hata upepo wa kaskazini ukivuma kwa hasira. Nayasema haya bila haya, maana kiburi hicho hicho ndicho kilichonifikisha hapa.

Aalasi ni binti wa kaka yangu, ana miaka kumi na tisa. Alizaliwa mwezi ule ule tuliomzika mama yangu, akapewa jina lake, na kwa desturi yetu yeye ndiye mama yangu. Namwita mama tangu hajajua kutambaa. Naye alipojua kusema akaniita mwanangu, na akiwa na miaka sita alikuwa akiniuliza mbele ya wageni kama nimenawa mikono. Mtoto wa namna hiyo hakaripiwi, na akiomba kitu hanyimwi. Mimi nilimnyima.

Mwezi wa tatu alikuja kujaribu koti nililomshonea kwa ajili ya Pasaka. Alikuja na helmeti yake ya pikipiki ya theluji kwapani. Akaivaa, akavuta kofia ya koti juu yake, ikagoma katikati.

"Mwanangu, hebu ipanue hii," akasema. "Niivae juu ya helmeti. Nikiiacha mgongoni inajaa upepo, inanikaba koo, na shingo inaganda."

"Mama, mimi nashonea vichwa. Ndoo wanashonea wengine."

"Na ndani ya ndoo kuna nini, si kichwa?"

Tukacheka wote wawili. Nikamwambia ngozi imekwisha. Ulikuwa uongo, kipande kizima kilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda changu. Nilijua kwamba katika baridi ile atachagua kimoja, kofia au helmeti, na nilijua atachagua kipi. Lakini kofia iliyopanuliwa hulegea kama gunia, na siku ya Pasaka kijiji kizima huvuka ghuba iliyoganda kwa pikipiki za theluji kwenda kwenye mashindano ya kuvua samaki. Nilitaka kazi yangu ionekane.

Ikaonekana. Aalasi alitangulia, na mimi nilikuwa nyuma kwenye sleji iliyoburutwa na pikipiki ya kaka yangu, nikiwasikia wanawake wakimsifia koti. Karibu na ufuko, pale maji yanapopanda na kushuka na kuivunja barafu ikarundikana, pikipiki yake ilipanda tuta ikapinduka, naye akarushwa upande wa pili. Nilifika nikamkuta amelala chali, macho wazi, haitiki. Kofia ilikuwa bado kichwani, imekaa vizuri. Ndilo jambo la kwanza nililoliona, Mungu anisamehe, kwamba kofia haikusogea.

Ndege ilimpeleka hospitali ya kusini. Alikaa huko miezi mitatu, akarudi anatembea, anatania, anakula kama zamani. Ubongo ndio haukurudi wote. Ya utotoni anayo yote, ya mwezi ule wa koti hana hata moja, na unalomwambia leo kesho halipo.

Wifi yangu Saali, mama yake mzazi, alimweleza kila aliyeingia kwake kwamba helmeti ilikuwepo, ilibaki ikining'inia msumarini jikoni kwa sababu msichana hasikii. Dukani nako walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilisimama pale na pakiti ya majani ya chai mkononi, nikanyamaza. Kwa jina lake, mkuu alikuwa yeye, na asiyesikia nilikuwa mimi. Guu lililovunjika ndilo lilikuwa la kwake.

Mwezi wa nane tulikwenda sisi wawili kuchuma matunda nyuma ya kijiji. Alikuwa akijilaumu tena, nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote: alivyoniomba, uongo wa ngozi, na sanduku.

"Kwa hiyo mama ananisema bure," akasema. "Miezi yote hii."

Akaniachia ndoo yake ya matunda, akaondoka. Nilistahili. Usingizi wangu siku ile ulikuwa wa kwanza wa haja tangu Pasaka.

Asubuhi akaingia kwangu bila kubisha hodi, kama kawaida yake, akauliza kama mwanawe ana mkate. Nikasubiri aanze. Akazungumzia mvua, akazungumzia mbwa wa jirani. Halafu akasema, akitafuna, kwamba angevaa tu ile helmeti, hajui kichwa gani kigumu kilimpanda siku ile.

Nililomwambia lilikuwa limemtoka. Ningemwambia tena palepale. Badala yake nilimkatia mkate mwingine, nikaupaka siagi nyingi, na moyoni nilifurahi. Nilikaa na furaha hiyo wiki saba.

Ijumaa moja mchana nilikuwa nashona huku redio ya kijiji ikiongea. Kwetu redio ni ya wote. Aliyepotelewa na mbwa hupiga simu, na mwenye nyama ya kugawa pia hupiga. Nikamsikia Juusipi, mtangazaji, akimkaribisha Aalasi studioni. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi yasije yakamtoka, na akayasoma polepole. Alimwomba radhi mama yake. Aliwaambia vijana wenzake wavae helmeti, kwamba yeye alikuwa nayo akaiacha kwa sababu ya maringo.

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu maringo yalikuwa yangu. Nikapiga simu. Juusipi akanipokea kwa utani, akadhani nimepotelewa na mbwa. Nikasema ni mimi Siasi, na nikaeleza yote mbele ya kijiji kizima: kofia, ombi, uongo na sanduku. Nikasema mtoto wa Saali alisikia, shangazi yake ndiye hakusikia.



"Mwanangu," Aalasi akasema, "mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama. Mwezi wa nane, tukichuma matunda. Uliposahau, nikafurahi."

Kisha nikamsikia akimwomba Juusipi kalamu.

"Rudia polepole," akasema. "Naandika."