Posa ya Darubini

Ulimi hauna mfupa, na wa Rania ndio uliomtoa Riyadh mbio. Jumba la makumbusho alilofanyia kazi, mtaa wa Olaya, lilikuwa likitengeneza chumba mfano wa kituo cha kutazamia nyota cha karne ya kumi na tisa. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa darubini ya kweli ya zama hizo. Ulaya waliandikiwa, wakakataa kuuza. Bosi akasema atakayeileta ndiye atakuwa mkuu wa chumba. Rania akajibu kuwa ipo Jeddah kwa shangazi yake, ni kwenda kuichukua tu.

Kuichukua tu, na nyumba yenyewe ya mtaa wa Baghdadiya hakuikanyaga miaka mitatu.

Bi Badriya alimpokea kwa kahawa na halua, akamuuliza hali ya kila mtu mpaka paka wa jirani. Protus, dereva wa ofisi, naye akapewa sahani yake. Darubini ilisimama pembeni, imesuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka shaba inang'aa. Baba yake Bi Badriya aliondoka nayo Unguja mwaka wa sitini na nne, akaacha masanduku ya nguo.

"Shangazi, unaiuza bei gani?" Rania akauliza.

Bi Badriya akaitupia darubini kanga. "Usimtie haya. Huyu mwari wa nyumba hii. Mwari haulizwi bei, huposwa. Mshenga wako nani?"

Rania akaangaza macho. Mwanamume mle ndani alikuwa mmoja, na mdomo wake umejaa halua.

Protus hakungoja kusukumwa. Alijifuta mikono, akakaa wima. "Mama, kwetu Bungoma tunaanzia ng'ombe, lakini hapa ng'ombe mafi, hakuna. Bosi wetu ako na nyumba poa, AC masaa yote, guard mlangoni. Huyu msichana hatateseka."

"Ana wake wengine?"

"Kuna saa ya ukutani na tufe la nyota, lakini hizo zote ni za kuigiza. Huyu ndiye atakuwa mke mkubwa."

Bi Badriya alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Kisha akainama, akatega sikio kwenye shaba, maana mahari hutajwa na bibi harusi mwenyewe. Alipoinuka hakuwa akicheka.

"Kakubali. Hataki riyali. Mahari yake, kila mwezi ukitaka kuandama Rania aje, tupande juu ya paa tuutazame, kama alivyokuwa akifanya na babu yake."

Rania aliona aibu ya kweli. Miaka mitatu alisema kazi nyingi, na leo kaja kwa ajili ya shaba.

"Nimekubali, shangazi."

Darubini ikaenda Riyadh imelazwa kiti cha nyuma, imevikwa doti ya kanga, na Rania akapata ukuu wake. Mwezi ulipokaribia kuandama, kazi zikawa nyingi kwelikweli. Akashika simu aandike udhuru. Hajaumaliza, Protus yuko mlangoni na ufunguo wa gari.

"Yalla madam, airport. Bibi harusi akirudishwa kwao, ni mshenga huulizwa."

Jeddah, juu ya paa, Bi Badriya alikuwa ameshaweka viti viwili kuelekea magharibi. Darubini hakuna, wakatazama kwa macho yao. Kulikuwa na vumbi, mwezi haukuonekana.

"Basi," akasema Bi Badriya, akimmiminia kahawa, "itabidi ulale. Tutautazama tena kesho."