Zamu ya Kitanda Kitupu

Usiku wa jana niliota kiti cha maungamo cha parokia yetu kimekuja nyumbani kwangu kunishtaki. Kilipiga hodi kistaarabu, nikasema karibu, kikaingia mpaka mabegani, kikakwama mlangoni. Nikakiambia kirudi nyuma, nitatoka mimi. Sikushangaa hata kidogo. Nilichowaza ni kwamba baraza sijafagia.

Nilitoka na kigoda kumkaribisha mgeni, kisha nikasita, maana sikujua kiti hukaribishwa kukaa juu ya nini. Nikakikalia mimi. Chenyewe, kibanda kizima cha mbao, kikabaki kimesimama, na pazia lake la zambarau limejaa vumbi la njiani. Ule ubao wa kupigia magoti kilikuwa kimeuburuta tangu kanisani, na mfereji wake ulionekana barabarani kote.

"Mama Katekista," kikasema, "nimechoka nawe."

"Pole. Utakunywa chai?"

"Sinywi. Nimekuja kwa ajili ya ile dhambi yako."

Nikatazama kwa jirani. Alikuwa anaanika mahindi, na masikio yake nayafahamu. "Siri ya maungamo umeisahau?" nikauliza.

"Nakuambia wewe mwenyewe. Kwani huijui?" Hata hivyo kikashusha pazia.

Naijua. Mama yetu alipolazwa, mimi na mdogo wangu Kandida tulikuwa tunapokezana zamu za kumuuguza. Siku moja ya zamu yangu nikaenda harusini kucheza ngoma, nikijiambia mgonjwa ana nafuu. Siku hiyo hiyo mama akafariki, ameshikwa mkono na mwanamke tusiyemjua aliyekuwa akimuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili. Wajomba walipouliza zamu ilikuwa ya nani, nikasema ya Kandida. Kandida akanitazama, akanyamaza, akabeba lawama mbele ya ukoo mzima.

Nilikuja kuungama baadaye. Padre akaniondolea, akanipa malipizi, akaniagiza nikaseme ukweli. Nikaenda kwa wajomba nikasema. Nikaenda kwa Kandida nikampigia magoti, naye akaniambia, "Nilikusamehe zamani, dada. Yameisha. Inuka ule." Niliinuka, lakini sikula. Mpaka leo sijala kwake. Namtumia zawadi, namwombea, nyumbani kwake sikanyagi.

"Uliiungama kwa paroko wa kwanza," kiti kikaendelea. "Akahamishwa. Akaja wa pili, ukamletea hiyo hiyo. Akaja huyu kijana, hiyo hiyo. Katika parokia nzima ni wewe peke yako unayefurahi paroko akihamishwa."

"Sifurahi."

"Ulitoa kuku wa kumuaga kabla hata barua ya uhamisho haijafika."

Kuku nilimtoa kweli.

"Labda yule wa kwanza hakunisikia vizuri," nikajitetea. "Alikuwa mzee."

Kiti kikafunua pazia, kikanionyesha ukuta wake wa ndani, upande anaokaa padre. Mbao zilikuwa zimebonyea ovyo. "Padre anainua mkono kuondoa dhambi," kikasema, "na dhambi yenyewe haipo. Hujawahi kuinua ndoo ukidhani imejaa? Mkono unaruka wenyewe. Ukiruka, unanipiga mimi."

Niliona aibu sana. Nikakiahidi kukiletea fundi. Kikasema hakitaki fundi, kinataka nitoke pale nilipojibanza.

"Maji yakimwagika hayazoleki," nikakiambia kwa ukali kidogo, maana sipendi kufundishwa barazani kwangu. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwamba dhambi iliyoondolewa imeondolewa. Mtoto akisita kujibu, namrudishia swali mpaka ajibu kwa sauti.

"Basi kama hayazoleki," kikasema, "mbona wewe bado unazoa? Vaa viatu twende."

Nikaingia jikoni kuchukua viatu, na jikoni kulikuwa wodini. Meko yangu yalikuwa chini ya kitanda kimojawapo, uji unachemka polepole, na hakuna aliyelalamika. Jua la saa nne lilikuwa linawaka madirishani, lakini watu wote mle ndani walikuwa wanaagana usiku mwema. Nikaitikia. Ukiingia kwa watu, fuata desturi zao.

Nesi wa zamu alikuwa chupa ya chai, moja ya zile ndefu zenye maua mekundu, amevaa kofia ya kinesi juu ya kifuniko.

"Mama Katekista, umefika," akasema. "Kigoda chako kile pale."

"Unanifahamu?"

"Nani asiyekufahamu humu? Wewe ndiye muuguzaji wetu hodari. Hukosi."

Kigoda kilikuwa kando ya kitanda cha dirishani, kimechakaa katikati kwa kukaliwa. Nikakaa, kikanienea kabisa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka limenyooshwa, mto umewekwa sawa, na juu yake hapakuwa na mtu.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Mama yako alishatoka," nesi akasema, huku mvuke ukimtoka kidogo. "Siku ile ile. Alijifunga kitenge chake, akaaga kitanda kwa kitanda, akapita mlango wa mbele kwa miguu yake."

"Aliniulizia?"

"Alisema ngoma ya harusi inasikika mpaka huku, na kwamba mpigaji ni mzembe."

Nililia pale pale. Hayo yalikuwa maneno ya mama yangu mwenyewe, maana hakuwahi kusikia ngoma akamsifu mpigaji. Nesi akaniacha nilie, akaenda kummiminia mgonjwa mwingine kikombe kutoka kichwani kwake.

Nilipomaliza kulia, nikasimama kulinyoosha lile shuka. Mkono wangu ulilizoea. Ndipo kitanda kikasema.

"Mama, tuzungumze. Siku moja hukuja. Tangu hapo hujakosa hata siku moja."

"Nauguza," nikakijibu.

"Unamuuguza nani? Unaupa mto maji. Unalipepea shuka. Mimi ni kitanda cha hospitali, kuna wagonjwa wamelala sakafuni kule nje wakisubiri wewe uondoke."

"Nisipokaa hapa, Mungu atajuaje kwamba bado najuta?"

"Alijua siku ile ulipomwambia," kitanda kikasema. Hakikusema kwa hasira. Kilisema kama mtu anayekuambia duka limefungwa.

Kandida anaingia. Amevaa kitenge cha njano, sare ya shughuli ya kesho, na mkononi ana hotpoti. Hanisalimii. Anakaa sakafuni karibu na kigoda changu, ananyoosha miguu, anaegemeza kichwa ukutani kama mtu aliyezoea kukaa hapo.

"Wewe unafanya nini huku?" namuuliza.

"Nakuletea chakula. Kila siku nakuletea. Huli, narudi nacho."

"Mbona sijawahi kukuona?"

"Ulikuwa unatazama kitanda," Kandida anasema.

Kandida anafutafuta hotpoti kwa ncha ya kitenge chake.

"Dada, kesho ni sendofu ya Ludgera. Mimi siwezi kuwa huku na kule. Kiti cha mama mkubwa nimekiweka mbele, na mtoto anakuulizia wewe tu."

Ludgera ni binti wa Kandida, kwa hiyo ni binti yangu. Katika sherehe hiyo ya kumuaga kabla hajaolewa alitaka wosia wake autoe mama yake mkubwa, mbele ya watu, na mama yake mkubwa ndiye mimi. Walinitumia sare na heshima zote. Nami juzi nilimpigia Kandida simu nikamwambia sitaweza kusafiri.

"Si nilikuambia?" nasema. "Mguu unaniuma."

"Mguu upi?" mguu wangu wa kulia ukauliza.

"Wewe."

"Mimi siumwi," mguu ukasema. "Sijaumwa tangu masika. Naomba nisitajwe."

Mguu wa kushoto ukakohoa, ukasema na wenyewe haumo katika habari hiyo. Nesi akaja, akaubonyeza mmoja, akaubonyeza wa pili, akathibitisha kwamba yote ni mizima na inaweza kwenda hata kwa miguu.

Kandida akanitazama, na alikuwa na uso ule ule aliokuwa nao mbele ya wajomba. Hakunikasirikia. Alikuwa anangoja kuona nitasema nini. Hapo ndipo nilipoona vizuri nilichofanya. Kwa kujitesa na uongo wa zamani, nilikuwa nimemdanganya tena, mtu yule yule, na safari hii mtoto wake angekaa mbele ya wageni pembeni ya kiti kitupu.

Mlangoni kukawa na kishindo. Kiti cha maungamo kilikuwa kimetufuata, kimekwama mabegani tena.

"Hiyo ya mguu," kikasema, "ni mpya?"

"Ya juzi."

"Hujaiungama popote?"

"Bado."

"Hatimaye," kikasema, na kikafunua pazia kwa furaha. "Hiyo nipe. Hiyo ina uzito, padre atapata kitu cha kuinua."

Nikamgeukia Kandida. "Nilikudanganya," nikamwambia. "Naogopa. Naogopa kukaa kwenye kiti kile, watu wananinyooshea vidole, wanasema si ndiye yule."

"Walisema mpaka wakachoka, dada. Sasa hivi wanasema habari za watu wengine." Akasimama, akanishika kwapani kama anavyoinuliwa mgonjwa. "Zamu yako imeisha. Inuka."

Nikainuka. Kigoda kikatoa pumzi. Kandida akafungua hotpoti, na ndani mlikuwa na ugali na maharage, bado moto. Tukala tumesimama dirishani, mikono yetu ikipishana humo humo. Nilikuwa na njaa ambayo sikuijua. Nilikomba mpaka chini, bila haya, na sikukumbuka kumbakizia. Kitanda kikatuomba tusogee kidogo, mgonjwa wake amefika. Tukasogea, akapita bibi mmoja anayetembezwa taratibu, nesi akamvulia kofia.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Jikoni kulikuwa jikoni. Nikajiambia hizo ni ndoto za mtu aliyelala na uji mtupu, na katekista hatakiwi kuamini ndoto. Lakini habari ya mguu haikuwa ndoto. Uongo ule niliusema nikiwa macho, mchana, kwa mdomo wangu. Nikachukua simu kabla sijapoa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kandida, mguu wangu mzima. Haukuwa unauma. Nilikudanganya, na naomba unisamehe."

Nyuma yake nikasikia sufuria zinagongana na wanawake wanacheka.

"Basi panda basi la asubuhi," akasema. "Kuna vitunguu vya kumenya, na hawa mashangazi wa Ludgera ni wavivu."

"Nakuja."

"Njoo na sare yako."

"Naivaa sasa hivi."

Nilidhani amekata. Nikatoa simu sikioni, nikamsikia ananiita tena, sauti ya chini, kama hataki wale wanawake wasikie.

"Dada."

"Naam."

"Yale maharage, chumvi ilitosha?"

Nikakaa kitandani.

"Ilitosha," nikamwambia.