Mtoto wa Nyumbani Haandikwi Kazi

Halimo alikuwa na ulimi ambao hata madereva wa malori ya Moyale waliuogopa, na hao ni watu waliozoea kutukanwa. Hoteli yake ilikuwa pale mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, meza chache na jiko la kuni nyuma, na asiyependa chai ya maziwa ya ngamia aliambiwa akanywe kwao. Kwa hiyo Mungania, karani wa kambi mpya ya watalii, alipoingia asubuhi moja ya mwaka wa sabini na tisa na kuuliza kama Kawira alikuwa mfanyakazi wake, alijipalia makaa mwenyewe.

"Mfanyakazi?" Halimo aliweka birika chini. "Nani amekuambia hiyo maneno?"

"Yeye mwenyewe, mama. Ameomba kazi ya upishi kwetu. Anasema amepika hapa miaka tisa, na mimi natakiwa kuuliza kama ni kweli."

"Huyo ni mtoto wangu. Hajawahi kuwa mfanyakazi hapa, hata siku moja. Umesikia?"

Mungania alisikia. Alishukuru, akaenda zake, na Halimo akabaki akijiona amelinda heshima ya binti yake. Mtoto wa nyumbani haandikwi kazi. Mtumishi ndiye huandikwa, na ndiye hufutwa. Mama yake Kawira, Mmeru aliyeuza miraa stendi, alipofariki, mtoto alikuja kusimama kwenye mlango wa jikoni akaomba maji. Halimo alimpa maji, akampa chakula, akampa kitanda kando ya chake. Jumapili alimwacha aende kanisani, na ole wake jirani aliyetia neno. Mtoto alimwita hooyo, mama kwa Kisomali, na Halimo, ambaye Mungu hakumjalia wa tumboni, aliitikia kwa furaha.

Alasiri Kawira alirudi macho mekundu. Hakuingia ndani. Alisimama palepale mlangoni.

"Hooyo, umemwambia nini yule karani?"

"Ukweli. Kwamba wewe si mtumishi wangu."

"Sasa ananiita mwongo. Anasema hiyo miaka tisa nimeitunga. Kama sina mtu wa kunishuhudia, kesho watapatia mwingine kazi."

Halimo alicheka kidogo, maana jambo lenyewe aliliona jepesi. "Basi nitaenda nimwambie ulipika. Nani Isiolo hajala chakula chako?"

"Atauliza mshahara," Kawira alisema. "Sisi wote tunaulizwa. Utamwambia nini?"

Halimo alitafuta jibu, na kila alilolipata lilimchoma. Nguo alimnunulia kila Idi. Chakula hakumnyima. Lakini Raho, msichana wa kuosha vyombo, alilipwa kila mwisho wa mwezi, kwa sababu Raho hakuwa mtoto wake. Na aliyeamka alfajiri kuwasha moto hakuwa Raho. Aliyepika hata akiwa na homa hakuwa Raho. Alimpenda Kawira, Mungu ni shahidi, na mapenzi hayo yalimpatia mpishi wa bure. Hakuwahi kujiuliza, kwa sababu mtu hajiulizi jambo linalomfaa. Aliona aibu, ile inayopanda mpaka masikioni.

"Mbona hukuniambia?"

"Mtoto anadai mama yake mshahara?"

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Halimo hakuwa mtu wa kukaa akiyatazama. Asubuhi walikwenda pamoja ofisini kwa Mungania.

"Jana nilikuambia vibaya," alisema kabla hajaketi. "Kawira amefanya kazi kwangu miaka tisa. Amepika kila kitu. Hajaiba, hajatukana mteja. Kutukana ni kazi yangu."

"Na mshahara?"

"Sikumlipa. Andika hivyo. Kosa ni langu, si lake."

Kalamu ilisita. Mungania hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na sheria zake. "Mama, jana ulisema ni mtoto wako. Shahidi wa kazi hawezi kuwa jamaa. Kama ni mtoto, neno lako halimsaidii. Huyu ni nani wako?"

Kawira aliinama akatazama viatu vyake.

"Mfanyakazi wangu," Halimo alisema.

"Hakuna udugu?"

"Udugu gani? Yeye Mmeru, mimi Msomali. Huoni?"

Maneno hayo majirani walikuwa wamemwambia miaka yote tisa, na kila mara aliwajibu kwa matusi. Sasa aliyasema mwenyewe, bila kumeza mate.

Mungania aliandika, kisha akamgeukia Kawira. "Ukiugua huko kambini tumwite nani? Jamaa yako wa karibu."

Kawira alifungua mdomo, lakini Halimo alimwahi. "Ana mjomba Meru. Gikunda." Mjomba huyo hawakuwa wamemwona tangu mazishi ya mama yake Kawira. Kawira akasema ndiyo, mwandike Gikunda.

Jumatatu gari la kambi lilikuja kumchukua. Mungania alikuwa amekaa mbele na dereva, dirisha wazi. Kawira alitua begi lake, akamtazama Halimo, akatazama gari, akanyoosha mkono.

"Asante kwa kazi, mama," alisema. Mama, kama mtu yeyote anavyomwita mwanamke yeyote sokoni.

Halimo aliushika ule mkono, akautikisa, akauachia. Gari lilipoondoka aliingia jikoni. Ilikuwa asubuhi tayari, na moto ulikuwa haujawashwa.