Pole ya Mzee Matheka

Nilianza kumkasirikia Mzee Matheka tangu tulipopita mtaa wa Njiru. Mashindano haya ya baiskeli ni ya wawili wawili, na saa husimamishwa wa nyuma anapovuka mstari, kwa hiyo huwezi kumwacha mwenzako. Mimi nilitangulia kukata upepo. Yeye, dereva wa lori aliyestaafu, alijibanza nyuma ya mgongo wangu.

Kila nilipoanza kukanyaga kwa nguvu, nilimsikia: "Pole, pole."

Nikapunguza mwendo. Ningefanya nini, na ni mzee? Lakini nilikuwa nachemka. Kama miguu imekwisha, si angebaki nyumbani Kware acheze drafti? Mwaka mzima nimefanya mazoezi alfajiri, nikipishana na mbuzi wa soko la Kiamaiko, halafu leo natembezwa kama bibi harusi.

"Pole, pole."

Nikapunguza tena, nimeuma meno.

Tulishindwa kwa sekunde chache tu. Nikatupa baiskeli kwenye nyasi, lakini kabla sijafungua mdomo, Mzee akanifokea.

"Abdiwali, umekuwa na nini leo? Mimi nina nguvu huku nyuma, wewe unapunguza tu."

"Si wewe uliyeniambia polepole?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nilikuwa nakupa pole. Unapigwa na upepo peke yako kwa ajili yangu, ninyamaze tu?"

Akageuza baiskeli yake, akaondoka. Mara hii hakunipa pole.